Nilikuwa Farasi wa Papa Wedraogo

Juzi kijana mmoja wa pikipiki aliondoka nikiwa na mguu mmoja juu na mwingine bado kwenye lami. Nilirukaruka pembeni yake kwa mguu mmoja mpaka mbele ya duka la dawa, watu wakacheka, na yeye mwenyewe hakujua lolote kwa sababu alikuwa anaongea na simu. Nilipomvuta shati ndipo akasimama. "Pardon, papa, nilizani umeisha kupanda." Ulidhani! Kijana, kuondoka ni nusu ya kazi yetu. Ile nusu nyingine ni kufika, na hiyo hata mbuzi anaiweza.

Ninawaandikia ninyi mnaoendesha pikipiki hapa Kisangani. Mnaziita moto, na mnaziendesha kana kwamba kweli mmekalia moto. Mimi nilikuwa tolekiste. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa wakati baisikeli yenye kushini ya kukalia abiria nyuma ilikuwa ndiyo teksi, ambulansi na lori la mji huu. Mafuta hayakuwepo, magari yalikuwa yameporwa au yamefichwa bila magurudumu, basi tulibeba sisi. Nimebeba wajawazito, nimebeba jeneza, nimebeba kitanda cha chuma na mwenyewe amekikalia. Toleka ni Kilingala, maana yake tupite, twende zetu. Lilikuwa jina zuri kwa mji ambao kila mtu alitaka kwenda zake na hakuna aliyejua aende wapi.

Mpaka leo miguu yangu haitulii. Nikikaa mezani inaendelea kukanyaga chini kwa chini, na mke wangu ananiambia, "Jeannot, umeisha kufika, shuka." Lakini miaka ile hakuna aliyetulia. Majeshi mawili ya kigeni yalikuwa mjini kwetu, yamekuja yakiwa marafiki, kisha yakaanza kutazamana vibaya. Kila nyumba ilikuwa na begi karibu na mlango. Asubuhi watu hawakuulizana habari, waliulizana, "Ungali hapa?" Nilikuwa nikiamka, napanda baisikeli bila hata kunywa chai, maana kukaa nyumbani kulikuwa kunaniumiza zaidi ya kukanyaga.

Papa Wedraogo alikuwa fundi wa nguo, kibanda chake kilikuwa mtaa wa Makiso, nyuma ya maduka makubwa. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwashonea kanzu pana za darizi wageni kutoka Afrika Magharibi waliokuja kununua almasi. Sisi mjini wote tuliwaita Wasenegali, hata kama mtu ametoka Mali au Gine, na hakuna neno lililomkera kama hilo.

"Mimi haiko Musenegali," alikuwa akisema, sindano ikiwa mdomoni. "Mimi ni Mumosi. Kwetu ni Wagadugu. Sisi tuko na bafalme tangu batu ya kwenu bangali banatafuta njia ndani ya pori."

Mkewe, Mama Alphonsine, alikuwa Mgenia, binti wa wale wavuvi wa kwenye maporomoko. Mnene, mcheshi, Mkatoliki wa kuimba kwaya, na mumewe Mwislamu wa kuswali kila sala. Watoto hawakujaliwa. Mama huyu alikuwa akimjibu bila kuinua macho kwenye samaki wake: "Ndani ya pori kulikuwa na nani? Sisi tulikuwa ndani ya maji."

Mimi niliingia kwao kwa kosa. Sikilizeni kosa lenyewe, kwa sababu hakuna tolekiste mwingine duniani aliyewahi kulifanya.

Alhamisi moja Mama Alphonsine alikuja kwenye kituo chetu akanichagua mimi, nadhani kwa sababu kushini yangu ilikuwa na kitambaa kizuri chekundu. Akaniambia, "Kesho asubui ukuye kwetu na velo. Uioshe muzuri. Papa iko na safari, lakini..." Hapo lori la wanajeshi likapita, nikaona midomo yake inasogea, sikusikia neno. Nikaitikia tu. Ninyi nanyi mnaitikia tu, ninawajua.

Kesho yake nikafika. Nikakuta majirani wamesimama uani. Papa Wedraogo akatoka ndani amevaa kanzu nyekundu mpaka chini, kofia nyekundu, begi begani. Uso wake ulikuwa mgumu. Akaja moja kwa moja akakalia kushini yangu. Majirani wote wakapiga magoti, na Mama Alphonsine mbele yao, wakaanza: "Papa, usiende! Papa, ubaki!" Mimi nikaona, haya ni mambo ya familia, abiria ameshapanda, kazi yangu ni barabara. Nikakanyaga.

Nilisikia makelele nyuma yangu. Nikadhani ni huzuni ya kuagana, nikaongeza mwendo ili nimwokoe mzee na machozi. Nikamuuliza, "Papa, tunaenda wapi? Ku bandari? Ku ndege?" Yeye akanyoosha kofia yake tu. Nikateremka mpaka karibu na mto, na hapo kulikuwa na kizuizi cha wanajeshi.

Hapa niwape ujuzi kidogo, ingawa siku hizi vizuizi ni vya namna nyingine. Kizuizi cha vita hukifikii ukiwa juu ya baisikeli. Unashuka mapema, mikono yote miwili inabaki kwenye usukani inapoonekana, na kengele hupigi hata kama mbuzi amekuzibia njia, maana kidole kinachocheza kinamtisha mtu mwenye bunduki. Basi nikashuka. Askari akauliza, "Huyu nani? Anaenda wapi?" Nikamtazama Papa Wedraogo. Papa Wedraogo akatazama mto. Wote tukabaki hivyo.

Ndipo Mama Alphonsine akatokea, amepanda toleka ya mwenzangu, kitenge kinaburuzika. Akashuka kabla haijasimama, akapiga magoti kwenye vumbi katikati ya kizuizi. "Papa, usiende! Mji utabaki na nani?" Yule mwenzangu naye akaona vema apige magoti. Askari alimtazama mzee mwenye nguo nyekundu, akamtazama mwanamke chini, akaamua kwamba huyu lazima ni mkubwa fulani. Akasimama wima, akasema kwa adabu, "Papa, rudia tu ku nyumba. Njia haiko muzuri."

Papa Wedraogo akashusha pumzi ndefu. "Bon," akasema. "Kama munanilomba hivi, nitabaki." Kisha akaniinamia sikioni kwa sauti ya hasira niliyoikumbuka mwaka mzima: "Wewe ni farasi ya namna gani?"

Tuliporudi alinieleza. Kwanza alinipa kinywaji, kwa sababu kwao mgeni haulizwi habari kabla ya kunyweshwa maji yaliyokorogwa unga na tangawizi. Kwao wanatumia uwele. Hapa uwele hakuna, alitumia mahindi, na kila nilipokunywa aliomba msamaha kwa niaba ya mahindi.

Akasema: kule Wagadugu mfalme wao mkuu, wanayemwita Mogo Naba, hutoka nje ya jumba kila Ijumaa asubuhi amevaa nyekundu, nguo ya vita. Farasi wake ameshatandikwa, anangoja. Mfalme anataka kuondoka. Wakubwa wote wa ufalme wanakuja kumwinamia, wanambembeleza asiende. Anawasikiliza, anarudi ndani. Akitoka tena amevaa nyeupe, na farasi anavuliwa tandiko. Mji unajua mfalme yupo, amani ipo, watu wanaendelea na shughuli zao. Baba yake Papa Wedraogo alikuwa mmoja wa watunza farasi wa jumba hilo, na yeye alikua katikati ya miguu ya farasi. Jina lenyewe Wedraogo maana yake farasi dume.

"Sasa mufalme anasimama, kila mutu anasema maneno yake," akaniambia. "Farasi hasemi. Farasi haulizi. Farasi haendi! Farasi anangoja akiangalia njia."

"Papa, mimi ni tolekiste. Jina yangu ni tupite."

Mama Alphonsine alicheka mpaka akakaa chini.

Kuhusu namna desturi hiyo ilivyofika Kisangani, Mama ndiye aliyenieleza, siku nyingine, akitoa samaki magamba. Wanunuzi wa almasi walikuwa wanaondoka mmoja mmoja kwa ndege, na wateja wa mumewe walikuwa ndio hao hao. Papa akaanza kufunga begi kila asubuhi, anasema leo naondoka, jioni analifungua. Begi lile lilimtesa Mama kuliko mizinga. Alikuwa na hofu moja tu, naye aliniambia bila kuficha: kwamba ipo siku atarudi kutoka sokoni akute mlango umefungwa. "Sasa nikamwambia, papa, kila siku ni mingi. Utaniua. Chagua siku moja tu ndani ya juma, siku ile uondoke muzuri, batu bakulombe, ubaki. Njo pale akakumbuka mufalme yake."

Ndivyo nilivyokuwa farasi wa Ijumaa. Nilifundishwa kusimamisha baisikeli ikiangalia barabara na si nyumba. Kushini ilipaswa kufungwa kwa ile mipira ya tyubu iliyokatwa mikanda, mikanda miwili iliyopishana, na kufunguliwa tu baada ya yeye kutoka na nyeupe. Wanaofunga mizigo kwa kamba ya nailoni waache: nailoni hulegea ikilowa, mpira wa tyubu hukaza. Hilo nalo ni la bure, lichukueni.

Kulikuwa na mmoja katika wale wabembelezaji niliyefikiri kwamba atauawa. Aliitwa Papa Toe, muuza kola, zile mbegu chungu za kutafuna, naye alikuwa wa nchi moja na Papa Wedraogo lakini wa kabila la Wasamo. Wengine wakisema "Papa, ubaki," yeye alipiga magoti akasema kwa sauti kubwa, "Baki, mtumwa wangu! Mwizi wa farasi! Ukienda nani atanifulia?" Papa Wedraogo mwenye nyekundu yake akamjibu, "Nyamaza, mla mbwa!" Niliruka kuwaamua. Wote wawili wakanitazama kwa mshangao. Kumbe Wamosi na Wasamo ni watani tangu mababu, mmoja kumtukana mwenzake ni haki yake, na kukasirika ndiyo aibu. Hata msibani, mtani anaweza kulala mlangoni akazuia maiti isitoke mpaka apewe chake. Nikaona ni watu wenye akili. Sisi mji mzima tulikuwa tunaogopa kutamka neno, na wao walikuwa na mtu wa kumtukana.

Papa Toe aliondoka kweli. Ndege ilipatikana, akaja kuaga, akiwa na sanduku lililofungwa kwa kitambaa. Papa Wedraogo hakumbembeleza hata kidogo. Alimwambia, "Nenda, nani anakutaka hapa, nyumba itanukia muzuri." Papa Toe akacheka, akapanda baisikeli yangu, nikampeleka, na njia nzima alikuwa anajifuta macho na kofia. Niliporudi nilimkuta Papa Wedraogo anashona kitambaa kwa sindano isiyokuwa na uzi. Papa Toe ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho mjini wa kuzungumza naye Kimore, lugha ya Wamosi. Mama Alphonsine alinitazama, nikajua anawaza nini. Wabembelezaji walikuwa wanapungua. Jirani wa kushoto alikuwa ameshavuka mto kwenda Lubunga, wa kulia alikuwa amekwenda kwa ndugu zake barabara ya Buta.

Siku hiyo nilifanya jambo ambalo farasi hafanyi, niliuliza. "Papa, na kama siku moja hakuna mutu wa kulomba?"

"Mufalme anaenda."

"Wapi?"

"Kule alisema ataenda. Mufalme haiko mutoto. Ameisha kuvaa nyekundu, farasi iko tayari, hakuna mutu alimwambia ubaki. Atarudia ndani na uso gani?"

Mama Alphonsine aliweka kisu chini, akaingia jikoni.

Papa Wedraogo alikuwa akisimulia sana alipokuwa anashona, na mimi nilikuwa nangoja abiria nikiwa nimeegemea mlango wake. Ndivyo nilivyojua habari za mama wa ufalme wao, binti mfalme Yenenga, aliyepanda farasi na kuongoza jeshi la baba yake. Baba alimpenda kiasi cha kumkatalia kuolewa, asije akapoteza mpiganaji. Binti akatoroka. Farasi wake akamchukua porini, mbali, mpaka kwenye nyumba ya mwindaji mmoja, na mtoto waliyemzaa wakampa jina la yule farasi, Wedraogo. Kwa mtoto huyo ndiko zilikotoka falme zote, Tenkodogo, Wagadugu, Yatenga, wapanda farasi waliotawala nchi pana. Lakini ardhi, alisema, waliwaachia wale waliowakuta. Mpaka leo mfalme ana utawala, na mzee wa ardhi ana udongo, na mmoja hawezi kufanya ya mwenzake.

"Nani alichagua njia?" alikuwa akiniuliza mimi, farasi wake. "Si binti. Ni farasi alichagua."

"Na hapa?" Mama Alphonsine akadakia. "Nani ni mutu ya udongo? Ni mimi. Wewe ulikuya na farasi yako, utaniomba ruhusa."

Na kisa cha ile Ijumaa yenyewe, kilianzaje? Watu wanakisimulia kwa namna nyingi. Papa Wedraogo alikisimulia hivi: mfalme mmoja wa zamani alikuwa na mke aliyempenda kuliko wote. Mke akaomba ruhusa aende kwao, akapewa, siku ya kurudi ikapita, hakurudi. Mfalme akavaa, akaagiza farasi, aende mwenyewe kumtafuta. Wakati huo adui walikuwa karibu. Wakubwa wakaanguka miguuni pake: ukitoka, ufalme utakwisha. Akashuka. Akabaki.

"Na ule bibi?" akauliza Mama Alphonsine.

"Bibi gani?"

"Bibi ya mufalme! Alirudia?"

Papa Wedraogo alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakujua. Hakuna aliyewahi kuuliza. Baba yake hakuwahi kusema.

"Hadisi yenu iko mubaya," akasema Mama. "Mufalme alipashwa kwenda." Na akakasirika kweli, jioni ile alipika ugali bila samaki.

Kila Alhamisi Mama Alphonsine alikuwa akienda kwao kwenye maporomoko kuchukua samaki, na huko ndiko alikofulia ile kanzu nyeupe, kwa kuwa bomba za Makiso zilitoa maji ya kahawia siku zikitoa kitu. Anaianika kwenye mawe, anairudisha jioni imekunjwa. Nyekundu ilikaa nyumbani. Nyeupe ilikuwa kazi yake Mama.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikizungukazunguka. Kuna Alhamisi moja Mama alienda na hakurudi. Alasiri hiyo wanajeshi walifunga barabara ya mto, na Ijumaa alfajiri yale majeshi mawili yakaanza kupigana ndani ya mji wetu. Mlioyaona mnajua, na msioyaona siwezi kuwaeleza kwa maneno. Nyumba ilikuwa inatikisika kabla hujasikia mlio. Mimi nilikuwa nimelala kwa rafiki huko huko Makiso. Kulipopambazuka kelele zikapungua kidogo, nikafanya jambo ambalo mpaka leo sina maelezo yake: nilifuta baisikeli yangu, nikafunga kushini, mikanda miwili iliyopishana, nikaenda. Ilikuwa Ijumaa.

Uani hapakuwa na mtu. Hata mmoja. Nikasimamisha baisikeli ikiangalia barabara, nikajiona mjinga. Mlango ukafunguliwa. Papa Wedraogo akatoka na nyekundu yake, kofia, begi. Akatembea polepole mpaka katikati ya uwanja, akasimama. Akangoja. Nilielewa kwamba anangoja sauti. Mahali pa Mama Alphonsine palikuwa na ndoo tu. Bomu likaanguka upande wa Tshopo, kuku wakatawanyika, naye bado amesimama.

Ningeweza kumwambia ubaki. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Kurudi ndani kulikuwa na usalama zaidi kuliko njia yoyote. Lakini farasi hasemi, na niliogopa pia: kama anataka kwenda uwanja wa ndege, Mama Alphonsine atarudi akute mlango umefungwa, na mimi ndiye niliyembeba. Nikasema, "Papa, ndege hakuna leo."

"Nani alisema ndege?" akajibu. Akanionyesha mikono yake mitupu. "Nyeupe iko na yeye. Nitarudia ndani nivae nini?"

Akakalia kushini. Nikamsikia nyuma yangu akisema, polepole, "Alipashwa kwenda."

Mara ya kwanza niliondoka kwa ujinga. Mara hii niliondoka kwa kujua, na nilikuwa na hofu mpaka kwenye meno.

Barabara ya mto haikupitika. Tulipita nyuma ya nyumba, kwenye michikichi, kwenye mitaro, mara nyingi nikisukuma. Matairi niliyapunguza upepo, maana tairi lililojaa hulia kwenye vipande vya vigae, na tairi legevu hupita kimya. Kofia alikubali kuificha. Kanzu akakataa. "Papa, batakuona toka Kapalata!" Akasema mfalme havui nguo njiani. Nikamwambia, basi igeuze, wewe ni fundi. Akasema mfalme havai nguo kichwa chini miguu juu. Bomu likaanguka nyuma ya shule tuliyokuwa tumeipita, udongo ukatunyeshea, na sijawahi kuona fundi akigeuza kanzu kwa kasi ile. Ndani ilikuwa na bitana ya kijivu, mishono imenyooka, safi kama upande wa nje. Hata katikati ya hofu alinionyesha ule mshono.

Usiku huo tulilala ndani ya mtaro pamoja na familia moja ya wafanyabiashara wa Kivu, baba, mama na watoto, wakisali rozari. Baba akamuuliza Papa Wedraogo, "Munakimbilia wapi?" Akajibu, "Hatukimbie. Bibi yangu alienda kwao, siku ya kurudia imepita." Yule baba akamtazama, kisha akawaambia watoto wasogee, wampe mzee nafasi.

Karibu na maporomoko, mbele ya nyumba za kwanza za wavuvi, akaniambia nisimame. Akageuza tena kanzu, nyekundu ikatoka nje, akavaa kofia. Akapanda. Tukaingia hivyo.

Mama Alphonsine alikuwa amekaa chini kwenye ukuta wa nyumba ya mama yake, amekumbatia kifurushi cha plastiki. Alipoona ile nyekundu uso wake ulikufa. Nilimwona. Hakusimama hata.

"Umekuya kuniaga," akasema.

"Nimekuya kuchukua nyeupe."

"Halafu?"

"Halafu niivae."

Maji ya maporomoko yalikuwa yanapiga kelele, na kule mjini mizinga ilikuwa inapiga kelele. Mama akafungua plastiki. Kanzu ilikuwa kavu, imekunjwa, haina doa. Usiku kucha wenzake walishika watoto na masufuria, yeye alishika ile. "Nilisema, kama nyeupe iko huku, yeye iko kule na nyekundu peke yake," akaniambia mimi, maana hakuweza kumtazama mumewe. "Hakuna mutu wa kumulomba. Ataenda." Kisha akamgeukia. "Hakuna mutu alikulomba?"

"Hakuna."

"Njo sababu uliondoka."

"Njo sababu niliondoka."

Akalia, akacheka, vyote pamoja, akamvua kofia akampiga nayo begani. "Sasa hadisi yenu imekuwa muzuri," akasema.

Papa Wedraogo alivaa nyeupe pale pale nyuma ya mitumbwi, na mimi nikafungua mikanda, nikatoa kushini, nikaikalia kwenye mchanga. Mama akaniletea maji. Unga haukuwepo, aliyakoroga tu kwa kidole, akasema nifikirie kwamba ni uwele.

Papa Wedraogo hakuondoka tena Kisangani. Vita vilikwisha, kisha zikaja pikipiki zenu, tukaonekana watu wa zamani, nikaacha kazi, lakini baisikeli yangu sikuiuza. Ijumaa ziliendelea, ila sasa zilikuwa za kucheka, majirani walirudi, wakaja hata watoto wao.

Mzee alipofariki, kwa ugonjwa wa uzee, ilikuwa Alhamisi, na Waislamu wenzake walitaka kumzika kesho yake, Ijumaa asubuhi. Mama Alphonsine alinitumia mtu: njoo na velo, uioshe. Nilikwenda. Nilisimamisha ikiangalia barabara, kushini juu, mikanda miwili iliyopishana. Waliposimama na jeneza mlangoni, Mama akapiga magoti mahali pake, palepale. Majirani wakapiga magoti nyuma yake, tukingoja aanze kama alivyoanza siku zote.

"Papa," akasema, "leo nenda." Akaniangalia mimi. "Jeannot, toleka."

Wakanyanyua jeneza mabegani. Nilishika usukani, mguu kwenye pedali, kushini nyuma yangu tupu. Sikukanyaga mara moja. Nilingoja kidogo, mpaka nikawa na hakika kwamba amepanda.